Somo la Simu na Habari Zipitazo Humo



Ndugu wasikilizaji wapendwa, ninyi mkaao Koni na ng'ambo zote mbili za mto Lufira, na ninyi wa vijiji vilivyo kandokando ya njia ya Likasi, twawasalimu nyote, wazee kwa vijana. Leo twataka kusema juu ya chombo ambacho wengi wenu mnacho mkononi, na yule asiyekuwa nacho hukisikia kwa jirani: simu yenye intaneti, pamoja na yale makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook ambamo habari hupita mchana na usiku bila kupumzika.

Watu hutuuliza kama vyombo hivi ni vyema au ni vibaya. Swali hilo halina mwisho, na jibu lake halimsaidii mtu aliyekwisha kununua simu. Afadhali tuulize hivi: aliyetoa fedha zake kwa ajili ya mega, amepata nini? Twaona wengi wanaolipa kila juma, nao hupata kelele, picha za kuchekesha, ugomvi na hofu. Wachache tu hupata habari ya kuwafaa. Tofauti haimo katika simu, maana simu zao ni za namna moja.

Ninyi wa Koni mnao mfano karibu na milango yenu. Maji ya Lufira hukusanyika katika ziwa Tshangalele, hushuka Mwadingusha na kuzungusha mitambo ya huko, kisha hufika Koni na kuzungusha mitambo mingine. Na umeme unaozaliwa hapo huondoka juu ya nguzo ndefu kwenda kwenye migodi na viwanda vya Katanga. Nyaya hizo hupita juu ya vichwa vya watu wengi wasio na taa nyumbani. Wala mtu hawezi kupanda nguzo na kujikatia umeme wake, maana nguvu ile ingemwua. Ni lazima pawe na mtambo wa kuipunguza nguvu, na fundi ajuaye kipimo cha nyumba. Habari za simu zina nguvu ya namna hiyo, na kijiji kinahitaji mtu wa kuzipima kabla hazijaingia nyumbani kwa watu.

Mtu huyo ni nani? Katika mji kama Lubumbashi watu wengi wanazo simu zao, kila mmoja husoma peke yake. Kijijini sivyo. Simu yenye intaneti yaweza kuwa ya kapita, au ya katekista, au ya mwalimu, au ya kijana aliyerudi kutoka Likasi baada ya kufanya kazi. Sauti ikifika, yeye huiwasha kwa nguvu chini ya mti, na watu kumi husikia. Hao kumi hurudi nyumbani, kila mtu na jamaa yake. Jioni habari imewafikia watu mia, na simu imehesabu msikilizaji mmoja tu. Kwa hiyo, ndugu, wewe mwenye simu usijidhani kuwa msikilizaji. Wewe ni mtangazaji, sawa na sisi tunaosema katika redio hii. Na tofauti yetu ni kwamba sisi twaandika maneno yetu kwanza, tukayasoma tena kabla ya kuyatoa.

Twataka kuwaonyesha uzito wa jambo hili kwa mambo yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umetokea Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa huo ukaenea Beni, Butembo, Katwa na hata Ituri, nao haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na katika hao 2,287 walikufa. Angalieni basi jambo la kushangaza: wakati huu chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 waliipokea. Waganga walikuwapo, na vituo vya kuwatunza wagonjwa vilijengwa. Hata hivyo ugonjwa ulidumu karibu miaka miwili. Kwa nini?

Sababu zilikuwa nyingi, wala hatupendi kuzifanya kuwa moja. Makundi yenye silaha yalikuwa yakiua watu katika sehemu zile tangu miaka mingi, na wenyeji waliona uchungu kwamba dunia nzima imekuja kwa ajili ya Ebola, lakini haikuja kwa ajili ya waliouawa kwa panga. Uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo, na ugonjwa ukatajwa miongoni mwa sababu zake, wengi wakakasirika. Juu ya majeraha hayo yakamwagika maneno. Ikasemwa kwamba Ebola haipo. Ikasemwa kwamba imetungwa ili watu fulani wapate fedha, na kwamba aingiaye katika kituo cha matibabu hatoki mzima. Maneno hayo yalikwenda kwa miguu, yakapita sokoni na katika maziko. Nayo yalikwenda kwa simu, kwa sauti zilizorekodiwa katika lugha za nyumbani, kutoka kundi hata kundi. Mwisho wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 mganga Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kusaidia, aliuawa hospitalini Butembo. Na mwanzoni mwa Novemba 2019, huko Lwemba katika Ituri, aliuawa Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya kijiji, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu habari za kweli za ugonjwa ule.

Hatusemi kwamba simu iliwaua watu hao. Waliowaua ni watu wenye mikono na silaha. Lakini hofu iliyowazunguka ililishwa kila siku, na kila aliyebonyeza kidole kuipeleka mbele habari asiyoijua alitia kijiti kimoja katika moto. Kijiti kimoja si kitu. Ndiyo maana kila mtu alijiona hana hatia.

Wala msidhani kwamba mambo hayo ni ya Kivu tu, mbali na kwetu. Mapema mwaka 2020, ng'ambo ya mpaka katika Zambia, palitokea habari za watu wanaopuliza gesi usiku ndani ya nyumba ili kuwalewesha wenyeji. Ilianza Chingola, mji wa shaba ulio karibu sana na mpaka wa Katanga, ambako wengi wetu wana ndugu. Matukio yalikuwapo; lakini juu ya matukio machache ukapanda uvumi mwingi, na makundi ya watu wenye hasira yakawakamata wapita njia wasiojulikana na kuwaua kwa kuwashuku tu. Waliokufa hivyo walikuwa makumi kadhaa.

Sasa tuulize: kwa nini sauti ya simu huaminiwa upesi kuliko karatasi ya serikali? Kwa sababu ni sauti ya mtu. Hutetemeka, hulia, husema "ndugu zangu", husema kwa lugha ya mama zetu. Tena imeletwa na mtu tunayemjua: shemeji ameileta, naye ni mtu mwema, basi twaona kwamba neno lake ni jema. Hapa ndipo tunapokosea. Shemeji hakusema neno hilo, amelibeba tu. Zamani mjumbe alipofika kijijini, wazee walimkalisha, wakampa maji, kisha wakamwuliza ametumwa na nani, ametoka lini, na ameyaona mambo hayo kwa macho yake au ameyasikia njiani. Hawakumtukana kwa kumwuliza. Lakini mjumbe wa simu tunampokea bila kumwuliza hata jina la kijiji chake.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2018 kwa siku ya vyombo vya habari, aliwakumbusha Wakristu kwamba habari ya uongo ya kwanza ilisemwa na nyoka katika bustani ya Edeni. Someni tena sura ile ya kitabu cha Mwanzo mtaona ufundi wake. Nyoka hakuanza kwa uongo mtupu. Alichukua neno la kweli, kwamba Mungu amekataza tunda, akalikuza, akalipindua kidogo, akaligeuza kuwa swali. Hata leo habari ya uongo yenye nguvu ina mfupa wa ukweli ndani yake: picha ni ya kweli, lakini ilipigwa nchi nyingine; ajali ilitokea, lakini miaka sita iliyopita; mganga yule yupo, lakini hakusema hivyo.

Basi tuchukue desturi ya wazee wetu na kuifanya mafundisho. Katekista aweza kuyarudia maneno haya pamoja na watu wake.

Swali. Sauti au picha ikifika katika simu, nitaangalia nini kwanza?
Jibu. Nitaangalia mishale midogo juu yake. Mshale mmoja wasema kwamba aliyeileta hakuitengeneza, ameihamisha tu. Mishale miwili yasema kwamba imekwisha kuhamishwa mara tano au zaidi, na aliyeianzisha yuko mbali nasi.

Swali. Mishale miwili ni dalili ya uongo?
Jibu. Hapana. Ni dalili kwamba hakuna hata mmoja kati yetu anayemjua shahidi.

Swali. Nitamwuliza nini yule aliyeniletea?
Jibu. Nani ameliona jambo hili kwa macho? Wapi, na tarehe gani? Na neno hili lataka nifanye nini upesi hivyo?

Swali. Akijibu, "Sijui, nimeipokea tu"?
Jibu. Basi kwangu itakoma.

Jibu hilo la mwisho ni fupi, lakini ni gumu kulitenda kuliko yote. Hata wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari, wakaweka vizuizi: tangu Januari 2019 habari moja haihamishwi kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ile yenye mishale miwili huhamishwa kwa mmoja mmoja tu. Walifanya hivyo kwa watu wa dunia nzima. Lakini kizuizi chao hakijui kitu juu ya mti wenu na watu kumi walioketi chini yake. Huko, kizuizi ni kidole cha mwenye simu.

Tuweke mfano. Tuseme mvua zimeanza, na kipindupindu kimetokea katika vijiji vya mtoni, kama kinavyotokea mara kwa mara katika Katanga. Watu wa afya wanatia klorini katika maji ya kunywa. Asubuhi sauti yafika katika simu ya kapita: mwanamke alia, asema kwamba dawa ile ni sumu, na kwamba watoto watatu wamekufa "kule upande wa pili". Kapita afanye nini?

Kwanza, asiiwashe mbele ya watu. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo kubwa. Maana neno lililoingia masikioni halitoki kwa kusema baadaye "ilikuwa uongo". Pili, asiipeleke katika kundi akiuliza, "Je, ni kweli?" Wengi hudhani kwamba kuuliza si kusambaza. Lakini watu watano watasikia kilio, na mmoja tu atasoma swali lake. Tatu, apige simu, kwa sauti yake, kwa muuguzi wa kituo cha afya, na kwa mtu mmoja anayekaa upande ule uliotajwa. Je, kuna maziko ya watoto watatu huko? Watoto watatu hawafi kijijini bila vilio kusikika. Na akiisha kupata jibu, awakusanye watu na kusema lililo la kweli kwanza, kwa maneno machache: "Dawa hii huua vijidudu vya kipindupindu, muuguzi mwenyewe anayanywa maji haya." Ndipo ataje uvumi kwa neno moja tu, aukanushe, kisha aseme lililo la kweli mara ya pili. Asiwaigizie watu sauti ya yule mwanamke. Watu hukumbuka kilio kuliko maelezo.

Na ikiwa muuguzi atasema kwamba kweli kuna tatizo, kwamba dawa imetiwa kupita kipimo? Basi kapita atakuwa amefanya kazi njema mara mbili, maana yuko mtu mwenye jina wa kulitengeneza jambo. Hatufundishi watu kukataa kila habari. Wako watu wanaojisifu kwamba hawaamini neno lolote la simu. Hao nao hukosa onyo la mafuriko, na chanjo ya watoto wao.

Liko jambo jingine ambalo Wakristu hulisahau. Amri ya nane haikatazi uongo peke yake. Yatukataza pia kufichua makosa ya kweli ya mwenzetu pasipo sababu ya haki. Mke wa fulani amefanya hivi, mwalimu fulani ameonekana mahali pale, picha hii hapa: huenda ni kweli, nawe ukiipeleka umemwibia mtu jina lake, na jina halirudishwi kama mbuzi. Picha za wafu waliopata ajali katika njia kubwa ya Likasi na Kolwezi ni mbaya zaidi. Mara nyingi mama amemwona mwanawe amelala barabarani, katika simu ya jirani, kabla mjumbe yeyote hajafika kumshika mkono. Yeye apigaye picha ya maiti na kuituma hana habari ya kutuambia ambayo neno moja lisingeitosha. WhatsApp yakuruhusu kufuta kwa watu wote neno ulilotuma, kwa muda wa siku mbili na zaidi kidogo. Futa, ikiwa umekosa. Lakini ujue kwamba waliokwisha kulihifadhi wanalo bado, na inafaa kuwaendea kwa mdomo.

Na yale maombi ya kutisha, yanayokuja na picha ya Bikira Maria, yakisema, "Tuma kwa watu kumi na wawili kabla ya usiku wa manane, la sivyo utapatwa na mkosi"? Hayo si maombi, ni uchawi uliovaa nguo za Jumapili. Yakate bila hofu.

Basi, tumesema mengi ya kujilinda. Lakini shamba halilimwi kwa kung'oa magugu tu. Simu yaweza kufanya nini kwa mtu wa Koni, kama akiitumia vizuri?

Mwenye samaki wa ziwa Tshangalele, au mwenye mkaa na mahindi, aweza kumwuliza ndugu aliye Likasi bei ya soko la asubuhi kabla hajafunga mzigo wake juu ya baiskeli. Asimwulize mmoja, aulize wawili wasiojuana, maana mmoja aweza kuwa rafiki wa mnunuzi. Jamaa walio Lubumbashi, Kolwezi au Kitwe huweza kusikia sauti ya bibi yao mgonjwa, na bibi kusikia ya wajukuu. Katika kazi zote za simu hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote.

Tena kuna kazi moja ambayo wakulima wengi hawajaijaribu. Mnamjua yule kiwavi anayekula moyo wa mhindi. Asili yake ni Amerika, na alionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, kisha akaenea katika nchi yetu pia. Picha nzuri yaweza kumwonyesha bwana shamba aliye mbali shamba lako lilivyo, naye akajibu siku ile ile. Lakini picha iwe ya kufaa. Ipigwe asubuhi kwenye mwanga, jua likiwa mgongoni mwako. Piga picha tatu: ya shamba zima, ya mhindi mmoja, na ya ndani ya majani machanga pale juu penye unga unga wa mavi ya kiwavi. Ukimpata kiwavi mwenyewe, mweke juu ya jani, na kidole chako kando yake ili ukubwa ujulikane. Kisha andika: mahindi yana majuma mangapi, na katika mimea kumi, mingapi imeliwa. Bwana shamba akipata picha moja yenye giza na maneno "mahindi yangu yaharibika", hana la kujibu. Na hii ni kanuni ya maswali yote: ukitaka jibu jema kutoka mbali, tuma mambo yale ambayo mtu angeyaona kama angekuwa amesimama hapo.

Kwa makundi tuna shauri kali kidogo. Kundi la shirika la jumuiya, au la wazazi wa shule, lisiwe la mazungumzo na matangazo pamoja. Matangazo ya maziko yakichanganywa na vichekesho, mtu atakosa maziko. Fanyeni kundi la matangazo ambamo wakubwa wake tu waweza kuandika. Simu ina mahali pa kuagiza hivyo. Wakubwa wawe wawili au watatu, na mmoja wao awe mama, maana akina mama ndio wajuao kwanza nani anaugua. Tangazo liwe na jina la aliyelitoa, siku, saa na mahali. "Kesho" si tarehe: mwenye kufungua simu baada ya siku mbili ataelewa kesho gani? Na wale wasio na simu wakumbukwe. Tangazo la kundi lisomwe pia Jumapili baada ya ibada, au liandikwe ubaoni. Sisi twaona vibaya pale ambapo mjane hakualikwa kazini au hakupewa msaada, kisha akaambiwa, "Iliandikwa katika kundi."

Juu ya gharama, maneno machache. Simu hupokea yenyewe kila picha na kila filamu, na kula mega zako hata ukiwa umelala. Ingia mahali pa kutengeneza mambo ya simu, katika WhatsApp, penye hifadhi na data, uzuie kupakua kwenyewe. Tangu hapo utafungua ile unayoitaka tu. Maandishi hula kidogo sana, sauti hula zaidi, filamu hula zaidi ya yote. Kijana yeyote ataweza kuwaonyesha wazee jambo hili kwa dakika moja.

Juu ya wezi, twataka mtulie na kusikiliza. Mtu atakupigia simu, au atakuandikia kwa jina la rafiki yako, akisema, "Nimekosea, nimetuma namba sita kwenye simu yako, tafadhali nisomee." Usimsomee. Namba hizo sita ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukizitoa, ataingia, atakufungia nje, na jioni ndugu zako wote watapata maombi ya fedha kwa jina lako. Vivyo hivyo na namba ya siri ya M-Pesa au ya Airtel Money: hakuna mtu wa kampuni, wala wa serikali, wala padre, aliye na haki ya kuiuliza. Na ndugu akikuandikia, "Niko hospitalini, tuma dola ishirini upesi," mpigie usikie sauti yake, au mwulize jambo ambalo ni la nyumbani kwenu peke yenu. Upesi ndiyo chombo cha mwizi. Tena, katika WhatsApp pana ufuli wa pili, namba sita nyingine unazozichagua mwenyewe. Uufunge, na namba zake uziandike mahali pa siri nyumbani, si ndani ya simu.

Hatimaye, tukumbuke kwamba njia hii hukatika. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa katika Kongo nzima, na ilikuwa imefungwa kwa siku kama ishirini, hata katikati ya Januari 2019 ikapita. Waliokuwa na namba za jamaa zao katika simu tu, na kuzungumza nao kwa WhatsApp tu, walipata taabu. Na katika kimya kile uvumi ulikua, maana palipokosekana habari kila mtu alijitungia yake. Redio ilikuwa msaada mkubwa kwa walioweza kuisikia. Kwa hiyo kila nyumba iwe na daftari yenye namba za ndugu, za muuguzi, za padre, za mwalimu na za dereva, zilizoandikwa kwa kalamu. Na redio msiiuze kwa sababu mmepata simu.

Kabla ya somo lijalo, twaomba kila shirika lifanye mambo mawili. Mkutane na simu zenu, na wale wanaojua wawasaidie wengine kufunga ule ufuli wa pili na kuzuia kupakua kwenyewe; isiachwe hata simu ya mzee mmoja. Kisha mchague sauti moja au picha moja yenye mishale miwili, iliyofika kijijini kwenu mwezi huu, mjaribu kumtafuta shahidi wake: aliyeileta aliipata kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka njia ikatike. Andikeni katika karatasi mlifika wapi, mkampe katekista aje nayo misioni siku ya mkutano wa makatekista. Tutazisoma barua zenu hapa, bila kutaja jina la mtu.

Betri za redio zikianza kudhoofika, ziwekeni juani kidogo. Kwaherini.